Raundi ya Wazee

“Shikamoo, mjomba,” Efrazia alisema, kisha akampiga risasi ya kichwa.

Kibanda kizima kilicheka. Kwenye kioo cha kompyuta, mjomba Sefania alianguka chali, macho meupe, damu ikimtoka puani. Mjomba Sefania mwenyewe alikuwa sokoni Soni, mzima kabisa, akipakia kabichi kwenye lori.

Kristian ndiye aliyeutengeneza mchezo. Alikuwa anasoma kompyuta Dar es Salaam, na Pasaka hii alirudi na kamera, akawapiga picha watu wa Soni, akawavika sura zao wafu wanaotembea wa mchezo huo. Wafu walikuja kwa raundi. Mchezaji aliona mikono yake miwili na bunduki tu. Watu walipanga foleni kuuawa na majirani zao.

Kila mtu alipigwa picha isipokuwa Efrazia, mchumba wake.

“Ya kwako ya nini?” Kristian alimwambia. “Sura yako ninayo kichwani.”

Raundi ya tano ilikuwa ya wazee peke yao, na hapo ndipo vijana wote walipofia. Walioua bila huruma raundi nne, walipomwona babu wa mtu akiwajia, vidole viligoma.

“Hapo hampiti,” Kristian aliwacheka. “Na mlango ule ulio nyuma yao hamtaufungua. Ndani yupo mke wangu.”

Tangu siku hiyo Efrazia hakupita sokoni bila kutaniwa. “Shemeji, tunakufa kwa ajili yako!” Aliinamisha uso, akachekea ndani ya khanga. Alikuwa amemsubiri Kristian miaka mitatu. Jumapili matangazo ya ndoa yao yangesomwa kanisani, naye bado alijiuliza kama msomi wa Dar anaweza kumpenda kweli msichana wa huku milimani. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na jibu.

Kwa hiyo leo, Kristian alipokwenda Lushoto kumwona mchungaji, Efrazia aliingia kibandani kwa Hezekia, mwenye kompyuta ya mchezo, akaomba kucheza.

“Wewe? Kuku akichinjwa tu unakimbia!” Hezekia alimwambia.

“Nionyeshe pa kubonyeza.”

Kumbe dawa ya wazee ilikuwa kuwaamkia kwanza. “Shikamoo, babu.” Pa! “Shikamoo, mwalimu. Unisamehe.” Pa! Alipotokea bibi yake aliyemlea, machozi yalimlengalenga, lakini kidole chake hakikugoma.

“Jamani, Kristian anaoa jambazi!” Rajabu, mmoja wa vijana, alipiga kelele kutoka nyuma.

Mzee wa mwisho akaanguka. Ukabaki mlango.

“Fungua, shemeji, ukajione!” Hezekia alipaza sauti, akaita hata wapita njia. Watu wakajaa hadi barazani.

Efrazia alikaza kilemba chake, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akabonyeza.

Chumba kilikuwa safi, chenye mwanga. Mwanamke aliyeketi kitandani aliinua uso, akatabasamu. Kibandani wote walikodoa macho, kila mmoja akingoja mwenzake amtaje jina.

Hakuna mtu wa Soni aliyemfahamu. Lakini bwana harusi kwenye picha iliyotundikwa ukutani nyuma yake, huyo walimfahamu wote.