Neno Kuazima

Siku hizi maktaba ya mtaa haikuazimi kitabu, inakuazima hadithi yenyewe. Mtoto anavaa kofia ya mashine, anaitajia anachotaka, hadithi inamwingia kichwani, na zikiisha wiki mbili inatoka, isibaki hata punje. Jumamosi watoto hukusanyika huko kuzichora na kuziigiza.

Jumamosi hiyo Mwanaheri alirudi na karatasi tupu. Mama yake, Saumu, akamkalisha kibarazani amsuke.

"Hebu nisimulie ile ya bibi, ya kinyonga na kanga ya mwezi."

Bibi alikuwa amefariki mfungo uliopita, na hadithi hiyo alimwachia mjukuu wake peke yake.

"Ipi, mama?"

Kitana kikasimama. "Uliwaambia nini kule maktaba?"

"Nilisema nataka kuazima hadithi ya bibi. Nilidhani wanayo, niisikie kwa sauti yake."

Saumu alifumba macho. Mtoto alitaka kupewa, mashine ikasikia anatoa. Neno ni lile lile.

Alikwenda mbio, kanga begani. Mkutubi alitazama kioo cha kompyuta yake, akashusha sauti. "Imeshachukuliwa, dada. Na wanaoingoja ni watoto sitini."

Jioni, ng'ambo ya ua, binti wa jirani alikuwa akimsimulia mwanasesere wake habari za kinyonga. Kila alipofika penye mwezi alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha bibi.

Mwanaheri alisogea uani, akasikiliza, akacheka.

"Mama, njoo usikie! Mwenzangu huyu kaitoa wapi hadithi tamu hivi?"