Kitunga cha Kupika Bila Moto

Kavira alisubiri mpaka aliposikia mumewe Abdias anajimwagia maji uani, ndipo akafungua kitunga na kuiiba sufuria yake mwenyewe.

Kitunga chenyewe mngekiona! Abdias alikisuka kwa maganda ya migomba, akakishindilia ndani masweta ambayo hata wauza mitumba waliyakataa, na juu akaweka mto wa majani makavu. Eti unachemsha maharagi kidogo tu juu ya makala, yaani makaa, unaifunika sufuria humo, yanaiva yenyewe. Moto hakuna, moshi hakuna, na miti ya dunia inabaki imesimama. Ufundi huo alifundishwa Beni, kwenye semina, akarudi Butembo anataja ekolojia kuliko anavyotaja Baba Yetu.

Kavira alikuwa ameshakijaribu, tena si mara moja. Alifunika, akachungulia: mabichi. Akafunika, akachungulia tena: mabichi. Mpaka jioni anachungulia, na maharagi ni magumu vilevile.

"Mama Lusenge, uache kufungua-fungua," Abdias alikuwa akimwambia. "Kitunga hii haipende batu ba kuchungulia."

"Aka! Maharagi si mayai, Baba Lusenge. Utaiatamia mpaka lini?"

Siku nyingine angecheka, lakini siku hiyo haikuwa ya kucheka. Shule moja ya mtaa wa Beu, kule Beni, ilitaka vitunga kwa ajili ya jiko la wanafunzi, na prefe wake, yaani mkuu wa shule, alitaka aonje kwanza. Abdias alikuwa ameapa: wakikataa, anarudi machimboni kutafuta dhahabu. Shimo la dhahabu ndilo lililommeza mdogo wa Abdias, wala mwili haukutoka. Kavira aliogopa, aliogopa kweli, na mwanamke mwenye hofu ile hawezi kuukabidhi uhai wa mumewe kwa masweta.

Basi jirani yake Hadjara alikuwa amempikia maharagi mengine tangu usiku, ndani ya sufuria iliyofanana na yake. Kavira akaitia ya Hadjara kitungani. Ile yake, iliyotoka kwenye makala punde tu na bado inatokota, akakimbia nayo chumbani, akaizungushia mablanketi yote ya kitanda ili harufu isimsaliti, akaegesha mlango. Mama mkwe wake, Koko Masika, alikuwa bado amelala chumba cha pili. Alhamdulillahi, Hadjara alinong'ona mlangoni, na Kavira, Mkatoliki mzima, akaitika amina.

Ndani ya taksi Abdias alikipakata kitunga njia nzima.

"Inapikika," aliwaambia abiria. "Saa hii munaniona vile, inapikika!"

Abiria mmoja akauliza kama kuna kingine cha kuchoma nyama. Kavira akageukia dirisha.

Prefe wa ile shule alikuwa mama mmoja aitwaye Nadège, mwenye miwani na pua isiyosamehe mtu. Kamati ya wazazi ikakaa. Abdias akahubiri ekolojia yake mpaka akatokwa jasho, kisha akafunua sufuria. Maharagi yameiva! Wazazi wakapiga makofi, na Kavira akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Madame Nadège akachota kijiko kimoja, akala, akanusa. Akanusa tena.

"Bwana Abdias. Donc hii imepikwa bila moto?"

"Bila moto, Madame. Nyumbani ilitokota kidogo tu, juu ya makala."

"Na huu moshi wa kuni umetoka wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, ila hawakusema kwamba inaishia puani mwa prefe. Wazazi wakaonja upya, na sasa wote wakausikia moshi, hata wale waliopiga makofi kwa nguvu zaidi. Mmoja akasema yeye alijua tangu mwanzo. Abdias naye akaonja. Alimgeukia mkewe, na Kavira akaangalia viatu vyake.

Kurudi Butembo alimwomba radhi kilomita kwa kilomita.

"Nilitaka kukuokoa, Baba Lusenge. Haiive! Wewe mwenyewe uliona, haiive!"

Walipokaribia mji ndipo Abdias akajibu.

"Uko na raison, umesema kweli. Haiive. Kesho ninaenda mu mashimo."

Hakuingia hata ndani ya nyumba. Alivitoa karakanani vitunga vyote vilivyokuwa vikiingojea shule, akavirundika uani, akavimwagia petroli, akawasha kiberiti. Majirani wakatoka wakaja kuota moto. Wengine walicheka waziwazi, wakasema hatimaye vitunga vya Abdias vimepata joto. Kavira alilia mbele yao wote, hakujali nani anamwona.

Koko Masika akatoka ndani polepole, amejifunika blanketi, kinywa chake hakina hata jino moja. Akamshika mkono mke wa mwanawe.

"Usilie, mutoto yangu. Leo baridi ilinizidi, nikaingia mu chumba yenu kutafuta blanketi, nikakuta sufuria yako imo ndani yake. Hata mie mwenye hapana meno nimekula sahani mbili, maharagi inayeyuka mu kinywa! Lakini uniambie kitu kimoja: nani alikuja kuipika? Jiko ilikuwa baridi tangu mulipoenda."