Bangili ya Msamaha

Mwanakheri alikuwa ameshindwa kusamehe mara mbili, na leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Sheria ilisema wazi: anayeombwa msamaha akashindwa mara tatu kusamehe kwa moyo, anafungwa yeye, na aliyemkosea anaachiwa.

Sudi, ambaye akiwa amelewa alimgonga kwa gari na kumuua Rukia, binti wa Mwanakheri, alikaa kwenye kochi la mama huyo, kofia mapajani.

"Nisamehe, mama," alisema, kama mtu aliyekariri.

"Nimekusamehe," alijibu Mwanakheri, lakini bangili ya serikali mkononi mwake, inayopima moyo, iliwaka nyekundu.

"Ulimi hautoshi, Bi Mwanakheri," alisema karani wa msamaha. "Tunausubiri moyo."

Mwanakheri alimtazama Sudi akimalizia chai yake na kuchungulia kama birika lina nyingine. Akaikumbuka sumu ya panya iliyokuwa stoo, nyuma ya gunia la mchele. Akaamua. Papo hapo kifua kikalegea, pumzi ikashuka, na bangili ikageuka kijani.

"Nimekusamehe, mwanangu."

Karani alifuta machozi, akaweka sahihi.

"Jumapili uje ule kwangu," Mwanakheri alimwambia Sudi kwa upole. "Nitakupikia pilau."

Wote watatu waliitazama bangili. Ilibaki kijani.