Chaki Mfukoni

"Umejibu tena, mwalimu," mkufunzi alisema, akafuta ubao. "Uliza, halafu nyamaza. Mtaala mpya unataka wanafunzi wafikiri wenyewe."

Walimu wenzake Semkiwa kwenye semina, waliobanana kwenye madawati ya wanafunzi, wakacheka. Alikuwa akifundisha aljebra tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kuacha swali lining'inie. Akaandika upya: 3x + 5 = 20.

"Haya, x ni ngapi?"

Feni ilikwaruza darini. Semkiwa akaegemea mguu wa kulia, akahamia wa kushoto. Jibu lilimwasha kooni kama pilipili. Mtu akakohoa; Semkiwa akadhani ameokolewa, kumbe ni kikohozi tu. Akaiminya chaki kiganjani mpaka ikavunjika.

Ndipo Bi Asumini, mwalimu aliyekaa nyuma tangu asubuhi bila kutia neno, akajinasua dawatini taratibu, akaja mbele na kukinga kiganja.

"Naomba chaki, mwalimu. Nataka kuchora vikapu."

Vikapu? Ulimi wa Semkiwa ulikuwa tayari: anza kwa kutoa tano, mama, vikapu vya nini! Akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akaweka kidole mdomoni.

Semkiwa akafungua ngumi. Chaki ilikuwa vipande viwili. Akampa Bi Asumini kile kifupi, kirefu akakitia mfukoni mwa suruali.

Bi Asumini akachora kikapu cha kwanza, polepole, akaandika x ndani yake, akasita, akaanza cha pili. Semkiwa alisimama kando, mdomo ameufumba kabisa, mkono mfukoni. Mle mfukoni, chaki ilikuwa ikiandika jibu.