Salamu za Kihonda

Hedwiga alikuwa akichagua iliki katika duka la viungo pale Fordsburg, Afrika Kusini, mwenyeji wake alipomshika mkono mbele za watu. Hakuutoa.

Miaka thelathini na minne ilikuwa imepita tangu waagane Morogoro, siku wakimbizi wa Afrika Kusini walipopanda basi kurejea kwao. Walikuwa wasichana. Siku hizo kiganja kile kilikuwa laini, kikinukia mafuta ya nazi waliyokuwa wakipakana nywele. Sasa kilikuwa kikavu na kigumu, lakini kidole gumba kilimpapasa vilevile, polepole, juu ya mshipa.

"Shikamoo, mama," alisema mwenye duka. "Nimewasikia mkiongea. Lafudhi yako ni ya kwetu Morogoro."

"Marahaba. Natoka Kihonda."

"Kihonda! Basi wewe ni dada yake yule fundi saa. Mmefanana mno! Desemba naenda nyumbani. Nimwambie umefikia kwa nani?"

Mwenyeji wake akaanza kuuachia mkono, kama walivyokuwa wakiachiana zamani kila waliposikia hatua za mtu mlangoni.

Nyumbani Hedwiga alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumtembelea rafiki wa shule. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Akaukaza mkono.

"Mwambie nimefikia kwa mpenzi wangu," alisema. "Ndiye huyu."

Mwenye duka aliitazama ile mikono miwili, iliki ikiwa bado kwenye mizani.

"Nimwambie hivyohivyo, mama?"

"Hivyohivyo."