Dokta Atakuja

Gari lilivuma kwenye barabara ya Hombolo. Gaudence akaitupa ndoo ya maji, akakimbilia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa shati jeupe na tai, jasho likimtiririka. Gari likapita. Lilikuwa limebeba mbuzi.

"Leo siye," alisema, akaanza kuvua tai.

Evarista alikaza midomo asicheke. Ndiye mkuu wa kituo huyo! Tangu afike alishamwona akiyavalia tai lori la mchanga, trekta na basi la wanakwaya. Wakubwa wa siku hizi, alijiambia, wanaiogopa wizara kuliko Mungu.

Mwaka ulikuwa tisini na tatu, kila kitu ruksa isipokuwa kumaliza chuo. Evarista, binti wa mwaka wa tatu chuo kikuu, aliletwa hapa kwa mafunzo ya vitendo, au fildi, kama wanavyosema wenyewe. Kituo cha kupimia matetemeko ya ardhi! Huko Dar es Salaam aliota kompyuta na wataalamu waliovaa makoti meupe. Alikuta nyumba ya bati kando ya shamba la zabibu, na mtambo mmoja ambao wafadhili waliuacha baada ya kupiga nao picha. Kalamu ya mtambo ilichora mstari kwenye karatasi mchana kutwa. Ng'ombe wa Mzee Matonya wakipita, mstari unaruka, na sayansi inasonga mbele.

Hakuna aliyemwambia kwamba Gaudence ndiye mkuu. Lakini funguo alikuwa nazo yeye, na katika nchi hii mwenye funguo ndiye mkuu, huna haja ya kuuliza. Siku ya kwanza Evarista alipomwamkia shikamoo, bwana yule alibabaika kidogo kabla ya kuitikia marahaba. Unyenyekevu huo, Evarista aliwaza.

"Wafanyakazi wengine wako wapi?" alimuuliza.

"Hujasikia serikali inapunguza watu? Hapa wawili walipunguzwa. Wa tatu akaona mbali, akaenda kufungua duka la mitumba Area D, kule mjini. Funguo akaniachia mimi."

"Na wewe huogopi kupunguzwa?"

"Mimi?" Gaudence alicheka mpaka akakohoa. "Hawana pa kunipunguzia!"

Kufundisha alijua, haki ya Mungu. Alimwonyesha Evarista namna ya kubadilisha karatasi, namna ya kusoma mawimbi, namna ya kutofautisha tetemeko la kweli na kwato za ng'ombe. Ila sahihi, ng'o! Evarista akimpelekea ripoti ya wiki aitie sahihi, aliirudisha kama imeshika moto.

"Hayo ni ya wakubwa. Dokta akija ataona mwenyewe."

Dokta mwenyewe ni Batholomeo, msimamizi kutoka chuo kikuu. Sheria ya chuo ilikuwa fupi na haina huruma: mwanafunzi asiyekaguliwa akiwa kituoni hana fildi, na asiye na fildi hana shahada. Dokta aliahidi kuja mapema. Evarista alipokwenda mjini kupiga simu, akaambiwa Dokta yuko semina Arusha. Alipopiga tena, Dokta alikuwa kwenye semina ya kutathmini ile semina. Wenzake Evarista walikwisha kaguliwa, wakarudi Dar, wakawa wanapimwa majoho.

Mama Loisi, jirani yao, alileta ugali wa uwele na mlenda, akamtazama binti kwa huruma.

"Mwanangu, na wewe utakaa?"

"Thubutu! Mimi ni wa muda tu, mama."

"Haya," alisema Mama Loisi, akimtupia jicho Gaudence. "Ndivyo mnavyosema."

Siku iliyofuata Evarista alifunga sanduku lake huku analia kwa hasira. Kule Bukoba mama yake alikwisha watangazia majirani wote kwamba binti anahitimu. Angewaambia nini sasa, kwamba binti amebaki Ugogo anachunga mtambo?

"Naondoka!" alifoka. "Hizo tai vaa peke yako!"

Gaudence aliziba mlango kwa mikono yote miwili. Uso ulikuwa umemparama.

"Usithubutu, Evarista! Ukigeuza mgongo tu, ndipo atakapokuja. Akija asikukute, umekwisha. Nakuomba, mdogo wangu. Subira yavuta heri."

Evarista hakuwahi kumwona mkuu wa kazi akimwomba mwanafunzi kwa uchungu namna ile. Akafungua sanduku, akabaki.

Na kweli, wiki ile ile Landrova ikaja, tena ikasimama. Dokta Batholomeo aliteremka bila kumruhusu dereva azime injini. Gaudence alikwisha vaa na kuchomekea, amesimama wima ukutani, hapumui. Evarista alieleza kila kitu: karatasi, mawimbi, kwato za ng'ombe. Dokta alimsikiliza huku akitazama saa, akamuuliza maswali, akaridhika.

"Safi sana, binti. Umeiva. Nakupa alama ya juu."

Evarista aliruka akamkumbatia Mama Loisi, aliyekuja kuchungulia gari, na Mama Loisi, ambaye hakuelewa neno hata moja la mawimbi, akapiga vigelegele.

Dokta alimgeukia Gaudence, akamnyooshea kalamu. "Hongera, bwana mkuu. Umemlea vizuri. Tia sahihi yako hapa niwahi semina."

Gaudence hakuipokea. Alikwenda kusimama pale pale aliposimama Evarista, mbele ya mtambo, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Mimi ni Gaudence Mapunda, mwaka wa tatu, wale wa themanini na saba. Uliniambia nisiondoke mpaka uje unikague."