Kiganja cha Yusuf

Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Kheiria aliitazama tena hati ya ndoa ya Yusuf bin Abdallah, baba yake Bibi, iliyohifadhiwa miaka yote ndani ya msahafu. Yusuf hakujua kuandika Kiarabu, basi alikitia wino kiganja chake cha kulia akakibandika chini ya karatasi. Vidole vinne tu.

Barua pepe iliyoingia asubuhi kutoka Ireland, jibu la swali lake kuhusu Yusuf, ilinakili daftari la meli: Joseph, baharia, hana kidole kidogo cha mkono wa kulia. Amekufa kwa homa, Unguja, 1909.

Hati ilikuwa ya mwaka 1329 wa hijria. Kheiria aliugeuza mwaka huo kwenye simu: 1911. Kumbe maiti alioa.

"Bibi," alisema taratibu, "si ulituambia baba yako Mwarabu, katoka Sumail?"

Bibi alikuwa akitia udi kwenye chetezo. Wageni wanaokuja kumposa binti wa Kheiria walishapita mtaa wa Qurum, karibu wanafika, na la kwanza watakalouliza ni kabila.

"Waliosilimu wote wakiitwa bin Abdallah," alisema Bibi. "Sumail nliitia mimi. Nlikuwa nna mama yako wa kumwozesha, kama wewe leo." Akanyoosha mkono. "Nipe."

Kheiria alimpa, maana karatasi ilikuwa ya baba yake Bibi.

Bibi akaishusha juu ya makaa. Ukingo ukaanza kugeuka kahawia, pale pale palipokosekana kidole.

Kengele ya mlango ikalia.

Kheiria aliinyakua karatasi, akaipuliza, akaenda kufungua nayo mkononi.